Fundi Nimeona na Kitanda cha Mama

Mdogo wangu wa kiume ni fundi seremala. Nalisema hilo mapema, kwa sababu ukishinda naye kutwa nzima unaweza kudhani ameajiriwa kulinda simu. Karakana anayo, ile aliyotuachia baba nyuma ya nyumba, na meza yake ya kazi, misumeno yake, patasi zake na randa ambazo marehemu alizinoa mpaka vyuma vikabaki vyembamba. Mikono anayo pia, tena mizuri, mikono ya baba mtupu. Alichokosa ni muda tu, maskini ya Mungu. Atautoa wapi muda, na siku nzima yuko bize anatazama watu wengine wakifanya kazi?

Mtaani wanamwita Fundi Nimeona. Mpelekee kiti kilichovunjika mguu, atakishika, atakigeuza, atatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, kisha atakwambia, "Nimeona jamaa mmoja anatengeneza kiti kama hiki. Bila msumari hata mmoja! Anachonga kijiulimi, anakitia kwenye tundu, anagonga mara moja, basi, hakitoki mpaka kiama." Utafurahi. Utamwachia kiti. Na kiti kitakaa humo mpaka usahau kwamba uliwahi kuwa nacho. Jirani yetu muuza nyama alileta stuli yake ikiwa na mguu mmoja mbovu. Kila alipoifuata aliikuta na ubovu uleule, ila fundi alikuwa ameongeza elimu.

Mimi ni msusi. Nasukia hapo sebuleni, mlango wazi, na dirisha langu linatazama karakana moja kwa moja. Kazi yangu haina habari ya nimeona. Mteja akishakaa, ni vidole vyangu na nywele zake, na akitoka na nusu kichwa, watu watamuuliza nani kakufanyia hivyo, naye atanitaja. Kwa hiyo mnisamehe, sina subira na mwanamume mzima ambaye kila siku anajifunza na hafanyi mtihani.

Ukweli ni kwamba yote hayo ningeyaacha yapite, macho hayana pazia, atazame anachotaka. Lakini mama akaanguka bafuni, akavunjika nyonga.

Hospitali walimtengeneza vizuri, wakamrudisha na mkongojo. Kutembea alitembea. Vita ilikuwa kuinuka kitandani. Kitanda chake kilikuwa cha chuma, cha dukani, kifupi kwenda juu na kimebonyea katikati. Msiniulize imekuwaje mke wa seremala alale kitanda cha dukani. Baba aliwatengenezea vitanda mtaa mzima, na cha mkewe siku zote kilikuwa cha wiki ijayo. Mganga hajigangi. Basi kila asubuhi nilikuwa naingia chumbani, napitisha mikono yangu kwapani mwake, nasema "haya mama, moja, mbili," na namvuta. Alikuwa anatania, "Nainuliwa kama gunia la mkaa." Anacheka kwa mdomo, macho yake anayaelekeza pembeni. Mwanamke huyu alitulea peke yake baada ya baba kufariki, hakuwahi kumwomba mtu hata chumvi. Sasa alikuwa anaomba kusimama.

Daktari wa mazoezi alipokuja kumwona, dada mmoja mwenye sauti ya ukali na roho nzuri, alimkagua miguu akasema, "Huyu mama ana nguvu zake. Tatizo si yeye, tatizo ni kitanda. Mtengenezeeni kilichoinuka. Akikaa ukingoni nyayo ziguse sakafu na magoti yasipande juu ya kiuno. Atainuka mwenyewe, wala hatamwita mtu." Akachukua chaki, akachora mstari ukutani. Godoro liishie hapa, akasema.

Mama aliutazama ule mstari kama mtu anayetazama picha ya nyumba yao. "Nikiinuka mwenyewe," akasema, "nitakuwa mtu tena."

"Mama, kitanda hicho ni changu mimi," mdogo wangu akadakia. "Msiende kununua popote. Kwanza nimeona jamaa mmoja..."

Nilifumba macho. Lakini nilifurahi, nasema kweli. Nani asingefurahi? Mtoto wa fundi anamtengenezea mama yake kitanda.

Haya. Utafiti ukaanza. Kumbe kitanda si jambo la kukurupukia, bwana! Kuna mafundi wa Japani wa kuwatazama kwanza, kuna wa nchi za baridi wanaounga mbao bila gundi, kuna mzee mmoja mwenye ndevu anayezungumza na mbao kabla ya kuikata. Wote hao walitakiwa kutazamwa mpaka mwisho, na wakimaliza, simu inaleta mwingine yenyewe, na si adabu kumkatiza mgeni. Wiki zikapita. Mbao ngumu, nzuri, zilizobaki tangu enzi za baba, zililala ukutani zikisubiri. Nikimuuliza, ananijibu, "Dada, kazi nzuri haina haraka." Ngoja ngoja huumiza matumbo, nikamwambia. Akasema huyo aliyeitunga methali hiyo hakuwa seremala.

Nisimwonee, kuna kitu alikimaliza kipindi hicho. Alitengeneza stendi ya simu. Kushika simu mkononi kutwa kulikuwa kunamchosha mkono, na mkono wa fundi lazima utunzwe. Akachagua mbao bora kuliko zote, akachonga miguu minne mirefu, minene, akaipiga randa mpaka ikateleza, akaiunga kwa ndimi zake zile za kiama. Ilimfika kiunoni, pana kama meza ya kuhubiria. Juu yake ikakaa simu, ndogo, inameremeta, na mbele yake muumini wake amekaa kwenye stuli ya muuza nyama, ile mbovu, akiwa ameegemea upande mmoja.

Siku moja nikaitwa kwenda kumsuka bibi harusi nyumbani kwao. Kazi ya kutwa. Nikamwambia mdogo wangu, mama yuko ndani, ukisikia anaita, nenda. Akanyoosha kidole gumba juu bila kugeuka.

Niliporudi jioni nilimkuta mama amekaa ukingoni mwa kile kitanda cha chuma, ameelekea ukutani. Shuka limelowa. Gauni limelowa. Alikuwa ameita mpaka sauti ikakauka, kisha akaacha kuita. Mwanawe alikuwa karakana, hatua chache tu kutoka dirishani, spika zimeziba masikio yote mawili. Unajua alikuwa anatazama nini? Jamaa anayetengeneza kitanda.

Nilimwogesha mama. Nilipokuwa namfunga gauni safi akaninong'oneza, "Usimgombeze. Hakusikia."

Nilimgombeza. Nilimgombeza mpaka wapita njia wakasimama. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyaweka kifuani tangu mama avunjike, na mengine ya tangu yeye azaliwe. Nikamwambia, "Wewe si fundi. Wewe ni mtazamaji wa mafundi! Baba angekuona angeziomba randa zake zirudi." Alisimama pale ameshika zile spika mkononi, na alipoliona shuka nililokuwa nimelibeba akaanza kulia. Alilia kweli. Nikamwonea huruma nikiwa bado nataka kumpiga.

"Kesho naanza, Dada," akasema. "Haki ya Mungu."

Na kweli akaanza. Asubuhi nasikia msumeno! Nilikuwa na mteja miguuni, nikaacha nywele zake zikining'inia nikakimbilia dirishani. Mdogo wangu ameinama juu ya mbao, jasho linamtoka, anakata matendegu, yaani miguu ya kitanda. Mbele yake ile stendi, na juu ya stendi ile simu.

"Sasa hiyo ya nini?" nikauliza.

"Narekodi," akanijibu, amenyooka kama askari. "Umesema mimi ni mtazamaji, sivyo? Sasa sitazami. Natazamwa."

Hewala! Nikasema moyoni, mradi anakata, hata akitaka kukata huku anapigiwa ngoma, sawa tu. Nikarudi kwa mteja wangu nikiimba. Nikamfungulia mama dirisha la chumbani asikie. Siku ile msumeno uliimba, na siku iliyofuata uliimba, na iliyofuata. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ametega sikio.

"Mbona anakata sana?" akauliza.

"Si anatengeneza kitanda, mama?"

"Baba yenu alikuwa akikata mara moja. Kisha unasikia randa. Huyu sisikii randa."

"Mama na wewe! Akikaa kimya, vita. Akifanya kazi, kosa."

Ndivyo nilivyomjibu, mjanja mimi. Vipande vya mbao vilivyokuwa vinaanguka karakana nilikuwa nikivizoa kila jioni nikachemshia chai. Mbao ngumu inawaka vizuri, haitoi moshi. Nilimsifu hata fundi kwa kutupunguzia gharama ya mkaa.

Baadaye ndipo nilipojua kilichokuwa kinaendelea. Tendegu la kwanza alilikata sawasawa, kwa kipimo cha ule mstari wa chaki. Kazi safi. Kisha akatazama video, akakuta kidole chake kimeziba picha. Sasa utamwonyeshaje mtu ukataji ambao hauonekani? Akakata tena, kipande chembamba tu, kwa ajili ya kamera. Safari hii jua likaingia vibaya. Akakata tena. Kuku akapita. Akakata tena. Mara akasahau kuwaambia watazamaji "karibuni tena." Akakata tena. Na kwa kuwa tendegu moja limepungua, lazima matatu yapunguzwe yalingane nalo, na kupunguza matatu ni tukio zuri la kurekodi, na kila tukio lina kuku wake. Kila jioni nikawasha jiko. Jamani, tulikuwa tunakunywa chai kwa kimo cha kitanda cha mama.

Alipofika kwenye vanishi akafunga karakana kwa kufuli, eti tusiharibu mshangao. Siku ya kukiingiza akamwomba muuza nyama amsaidie kubeba, wakakipitisha kimefunikwa shuka jeupe. Stendi ikasimamishwa chumbani kuwekea simu ya kupigia picha za mbali, na simu yangu ikachukuliwa iwe ya picha za karibu. Mimi nikapewa taa, ile ya duara inayowafanya watu wang'ae. "Dada, usitikisike. Tazama hapa kwenye kioo cha simu, nikitoka mweusi sogeza." Mama alikuwa amevaa gauni lake zuri, amejipaka mafuta, amesimama na mkongojo wake. Uso wake ulikuwa wa msichana.

"Mama, vuta shuka!"

Akavuta.

Sitakuwa mchoyo wa sifa. Kitanda kilikuwa kizuri. Kichwa chake kimechongwa majani, viungo vimeshikana huwezi kupitisha ukucha, vanishi unajiona uso. Baba mwenyewe angekizunguka mara mbili. Lakini kilikuwa chini. Chini, chini! Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa kitanda hiki, mvungu wenyewe ulikuwa umeondoka. Mstari wa chaki ulikuwa palepale ukutani, juu kabisa ya godoro, peupe, na hakuna aliyeutazama kwa sababu sote tulikuwa tunatazama simu.

"Kaa, mama, kaa tuone!"

Mama akakaa. Akaenda chini, akaendelea kwenda chini, mpaka magoti yakamkaribia kidevu. Akatabasamu, maana alikuwa ameagizwa atabasamu. Halafu akanyoosha mkono.

"Nishike, baba."

"Subiri kidogo, mama. Tabasamu. Usitazame mkono, nitazame mimi." Akapita kulia na simu. Akapita kushoto. Akainama kupiga picha ya ule ulimi wa mbao wa pembeni.

Mimi nilikuwa nimeshika taa, nimekodolea macho kioo cha simu kuona kama anang'aa. Sikuuona mkono wa mama. Nauona leo, lakini wakati ule sikuuona. Aliyemshika mkono mama yetu, akamwinua taratibu kwa mikono miwili, ni muuza nyama, ambaye stuli yake bado imo karakana.

Muuza nyama akautazama mstari, akakitazama kitanda, akaaga. Mdogo wangu naye akautazama mstari, na nikamwona akihesabu kichwani kuku wote waliopita. "Tutaweka matofali chini," akasema. Tukajaribu matofali. Kitanda kikayumba kama mlevi, mama akakataa hata kukigusa. Akarudi kwenye chuma chake, na asubuhi yake nikaingia, nikapitisha mikono kwapani, moja, mbili.

Na video? Video akairusha. Kitanda kimeharibika, lakini video ilikuwa imetoka vizuri, angeitupa? Watu wakamiminika. Hongera fundi, mikono ya dhahabu, mama amebarikiwa kupata mtoto kama wewe. Mmoja akaandika kwamba amehamasika, kesho anaanza kumtengenezea mama yake kitanda. Kesho! Nikajua moja kwa moja ni wa ukoo wetu. Mchana tunakula, yeye anasoma pongezi kwa sauti, kijiko hakifiki mdomoni, nami naomba Mungu anizuie nisimmwagie mchuzi.

"Nionyeshe na mimi," mama akasema.

Akaruka kumpelekea. Akamshikia simu mbele ya macho, akamwelekeza, hapa ndipo unavuta shuka, hapa unakaa, ona watu wanavyokupenda. Mama alitazama kwa makini sana. Hajazoea mambo hayo, alikuwa anatazama kila kitu, si kile unachomwonyesha tu. Ikafika mahali akasogeza uso karibu.

"Huo ni mkono wangu?"

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kutazama. Video ikasonga, ulimi wa pembeni ukapita, majani yaliyochongwa yakapita, na chini kabisa ya picha ule mkono bado upo, umenyooka.

"Umekaa muda mrefu," mama akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayezungumzia mkono wa mama mwingine. Akaisukuma simu taratibu, akarudia chakula chake.

Mdogo wangu alibaki amesimama. Akairudisha video nyuma, akatazama tena, peke yake, bila kusoma maoni ya mtu. Nimemwona akitazama mengi maishani mwake, lakini sijawahi kumwona akitazama vile. Kisha akaiweka simu mezani kifudifudi, karibu na bakuli la chumvi, akatoka.

Nikasikia nyundo. Nikaenda dirishani. Alikuwa anaivunja ile stendi. Anaivunja polepole, kiungo kwa kiungo, maana ndimi zake zilikuwa zinagoma kutoka kama alivyowaahidi watu. Mbao nyingine hatukuwa nazo, tulikuwa tumezinywea chai. Akatoa miguu yote minne, ile mirefu, minene, iliyochaguliwa kuwa bora kuliko zote. Akaingia chumbani na futi, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye mstari, akapima tena, akaandika kwenye kiganja. Nikasikia msumeno, mara moja kwa kila mguu. Halafu nikasikia randa. Mama, kwenye kiti chake, alifumba macho akawa anaisikiliza.

Simu ilishinda pale mezani, inalia, inawaka, watu wanampongeza. Hakuna aliyeigusa. Nilitamani kuwaandikia kwamba fundi ametoka, yuko kazini.

Kitanda kilirudi kikiwa na miguu mipya iliyoungwa chini ya ile mifupi, rangi mbili, kimesimama kama mtu aliyevaa suruali fupi na soksi ndefu. Hakipendezi hata kidogo. Na tendegu la upande wa dirishani linalia, ukigusa tu, kwiii. Godoro limeishia kwenye chaki.

"Kinalia," mama akamwambia.

"Nitakirekebisha, mama. Nimeona..." Akajikata mwenyewe. Akajikuna shingo. "Nitakirekebisha."

Hajakirekebisha mpaka leo. Msifikiri ameokoka. Simu bado anayo, bando linaisha kabla ya wiki, na stuli ya muuza nyama ilirudi kwa mwenyewe juzi tu, baada ya mimi kusimama mlangoni na kitana changu mkononi mpaka amalize.

Lakini asubuhi ya kwanza, kabla sijaamka vizuri, nilisikia kwiii. Kwa mazoea nikatupa shuka, nikashusha mguu mmoja sakafuni niende kumvuta. Nikasikia mkongojo. Kisha nyayo, moja, nyingine, zikipita mlangoni kwangu kuelekea bafuni, bila haraka na bila kumwita mtu. Nikaurudisha mguu kitandani, nikajifunika shuka mpaka kichwani ili asinisikie nikilia.